Corner Gas: mchezo wa kituo cha mafuta, jinsi tulivyoutazama Lubumbashi

Mwanzo wa kipindi cha kwanza tuliurudisha mara tatu. Gari limesimama kwenye pampu, katikati ya uwanda usio na mwisho. Dereva anaangalia huku na huku, anasema kwenu hapa ni tambarare kweli, hakuna cha kutazama. Mwenye kituo hakasiriki. Anamuuliza tambarare kwa namna gani, kisha anamwita rafiki yake na kumpa habari kwamba huyu mgeni anasema jimbo letu ni tambarare. Rafiki naye anaichukua habari hiyo kwa uzito wote, anaifikiria, na anajibu kwamba vya kutazama viko tele, ila hakuna kinachokuzibia macho.

Nilipotafsiri jibu hilo, sentineli wetu, mlinzi wa usiku, alijipiga kofi la goti. "Yaya, huyo ni mtu wa kwetu!" (Yaya kwetu ni mkubwa wako, dada au kaka.)

Na kweli. Lubumbashi ukiondoa ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba na bomba lake refu la moshi, halafu ukaondoa vichuguu vya mchwa vinavyopita urefu wa nyumba, jicho linakwenda mpaka linachoka lenyewe. Watu wa Bukavu wakija kwetu huuliza milima tumeificha wapi. Sisi hatujui la kuwajibu. Sasa tunalo.

Mchezo wenyewe unaitwa Corner Gas, ni wa Kanada. Ulianza kuonyeshwa na televisheni ya CTV Januari 2004, ukamalizika Aprili 2009, misimu 6, vipindi 107 vya dakika 22 hivi kila kimoja. Aliyeubuni ni mchekeshaji Brent Butt, mzaliwa wa Tisdale, mji mdogo wa jimbo la Saskatchewan, na ndiye anayecheza Brent Leroy, mwenye kituo cha mafuta katika mji wa kubuni uitwao Dog River. Kituo ni hicho kimoja tu, kingine kiko mbali sana. Mlango wa pili kuna mgahawa. Polisi ni wawili. Basi, huo ndio mji.

Mimi ni pompisti. Mwaka huu natimiza miaka 11 kwenye pampu, tangu nilipotoka Ndola, Zambia, nilikosomea, na ndiko nilikopata hiki Kiingereza ninachowatafsiria wenzangu usiku. Mchezo huu nimeletewa na mdogo wangu anayeishi Regina, mji mkuu wa Saskatchewan. Alikuja kwa matanga ya baba, na siku ya kurudi akaniachia diski. Akaniambia: "Yaya, tazama hii, ni kazi yako." Sikuitazama kwa miezi mitatu. Nilikuwa bado na huzuni, na nilidhani kazi yangu naijua vya kutosha.

Naandika haya kwa sababu nilikuwa sijawahi kuiona kazi yangu kwenye televisheni. Kituo cha mafuta katika filamu ni mahali pa kuvamiwa na majambazi au pa kulipuka. Shujaa anatupa kiberiti, anatembea bila kugeuka, na nyuma yake kila kitu kinakuwa moto. Kila nikiona hivyo nawaza: na pompisti? Ilikuwa zamu ya nani? Hapa, kwa mara ya kwanza, nimeona watu wakisimama karibu na pampu kwa sababu ndipo wanapofanya kazi, na saa zinapita, na hakuna anayelipuka.

Tunautazama kwenye kibanda cha sentineli, zamu ya usiku, kati ya saa saba na saa kumi, wakati magari yanapokuwa yamekwisha na malori ya njia ya Kasumbalesa, mpakani, bado hayajaamka. Kompyuta ni ya shefu, mkubwa wetu, anatuachia. Tunaiweka juu ya kreti ya bia tupu. Mteja akipiga honi, nasimamisha picha, natoka, nauliza esansi (petroli) au mazutu (dizeli), natilia, nachukua pesa, nahesabu, narudi. Kwa hiyo dakika 22 kwetu zinaweza kuwa saa nzima. Na nimeona kwamba mchezo huu hauharibiki kwa kukatwakatwa. Unaurudia pale ulipouacha, nao bado wamekaa palepale, bado wanabishana juu ya jambo lilelile dogo. Filamu ya vita huwezi kuitazama hivyo.

Tuko wanne. Mimi, sentineli, kijana wa kadhafi, na mama wa bukari, yaani ugali, ambaye hufika saa tisa na nusu kuwasha mbabula, jiko lake la makaa. Kijana wa kadhafi kwa haki ni mshindani wetu: anauza esansi kwa chupa na bidoni ng'ambo ya barabara, na siku kituo kikikauka ndiye anayekula. Lakini usiku anaogopa kuwa peke yake na mali yake, basi anavuka na kukaa nasi. Hilo nalo lingeweza kuwa kipindi cha Dog River.

Huyu kijana ndiye aliyeukataa mchezo kwanza. Vipindi viwili tu, akasema: "Hakuna kinachotokea. Wanaongea tu." Akawa anageukia simu yake. Nimesikia na wengine niliowapa diski wakisema hivyohivyo, hata shemeji yangu ambaye ni mwalimu na ana subira ya watoto 60. Siwalaumu. Mchezo hauna kicheko cha kurekodiwa kinachokuambia hapa cheka. Mahali pa kuchezea ni machache mno: duka la kituo, mgahawa, gari la polisi, baa, nyumba ya wazazi wa Brent. Ukizoea tamthilia ambazo kila mtu ana jumba na ngazi mbili za marumaru, utasema hawa hawakuwa na pesa. Lakini nawaomba wanaosema hakuna kinachotokea wakae nami kwenye pampu siku moja ya mwezi wa kumi, saa nane mchana, jua la kabla ya mvua, lami inalainika chini ya kiatu na gari halijapita nusu saa. Mtu akisema neno wakati huo, neno hilo ni tukio. Sentineli akisema ameota samaki, tutamzungumzia huyo samaki mpaka saa kumi na moja: alikuwa thomson, yule wa barafu, au mbichi wa ziwani, alilipiwa na nani, kwa nini hakuwa na mkia. Brent Butt anaijua saa hiyo. Aliyeandika maongezi yale amekaa mahali akingoja.

Kijana wa kadhafi alirudishwa na Hank. Hank Yarbo, anayechezwa na Fred Ewanuick, ni yule rafiki wa Brent asiye na kazi, ana kipikapu, ana kofia, na kila wiki ana mpango mpya wa maisha. Watu wa mji wanamchoka lakini hakuna anayemfukuza. Anakunywa kahawa, anakaa, anaharibu jambo, anasamehewa, kesho yuko palepale. Kijana alimtazama kimya, kisha akaniuliza: "Yaya, huyu analala wapi? Nani anamlisha?" Lilikuwa swali la kweli, nami sikuwa na jibu. Mchezo hauelezi vizuri mtu kama Hank anaishije. Tangu siku hiyo kijana hakosi kipindi.

Wanda ndiye ninayempenda mimi. Anakaa nyuma ya kaunta ya duka la kituo. Ana akili kuliko mji mzima, na masomo mengi kuliko kazi yake inavyodai. Anachezwa na Nancy Robertson, ambaye katika maisha ya kweli ni mke wa Brent Butt. Kuna namna yake ya kumsubiri mteja amalize kusema upuuzi: hainui kichwa upesi, anaacha maneno ya mtu yatue chini yote, ndipo anamtazama. Naijua hiyo. Kwenye zamu yangu ya mchana yuko dada mwenye lisensi, yaani digrii, ya uhusiano wa kimataifa kutoka chuo kikuu cha hapa kwetu, ameshika pistoli ya mazutu, ule mdomo wa pampu, mwaka wa tano huu. Wateja wanamwita "wee petite", yaani we msichana mdogo. Anawajibu kwa Kifaransa safi mpaka wanatafuta pochi zao haraka. Nilimwonyesha Wanda kwenye simu wakati wa kubadilishana zamu. Alitazama vipindi viwili amesimama, begi begani, hakusema kitu, kisha akaniomba diski yote.

Mama wa bukari yeye hakumkubali Lacey, na hapa tulibishana kwa siku nyingi. Lacey Burrows, ambaye mwigizaji wake ni Gabrielle Miller, anatoka Toronto, mji mkubwa, na amerithi mgahawa wa shangazi yake, uitwao The Ruby. Anafika na mawazo mapya, anataka kupatengeneza, na wenyeji wanakunja sura. Kwa mchezo, sisi tunapaswa kuwaona wenyeji kuwa ni wagumu. Mama wa bukari aliwaona wana haki. "Ukirithi meza umerithi na watu wake," alisema, huku akipepea makaa. "Marehemu alikuwa anajua huyu anakula nini na huyu anadaiwa ngapi. Yeye anabadilisha ukuta." Yeye mwenyewe alirithi kile kibanda kwa mama mkwe, na mpaka leo anapika sombe, majani ya muhogo, kwa namna ya marehemu, ingawa ana namna yake anayoipenda zaidi. Nilimwambia kwamba Lacey anajifunza kadiri vipindi vinavyokwenda, kwamba mji unamlea. Akasema basi atangoja. Msimu wa pili alianza kumwita "binti yangu yule".

Jambo moja liliingia kibandani na halijatoka. Watu wa Dog River wana mji jirani wasioupenda, Wullerton. Kila jina hilo likitajwa, wote waliopo wanatema mate chini, wakati uleule, kisha wanaendelea na maongezi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nani asiyeelewa hilo katika mji wenye timu mbili za mpira, Mazembe na Lupopo? Sentineli ni wa Lupopo, bluu na manjano mpaka kaburini. Kijana wa kadhafi ni wa Mazembe. Wiki ileile walianza: mmoja akitaja, mwingine anatema. Ilibidi niweke sheria kwamba mate ni nje ya kibanda, kwa sababu mama anapika hapo karibu.

Polisi wawili, Davis na Karen, tuliwatazama kwa makini zaidi ya ilivyohitajika. Hawana kazi nyingi, mji una amani, wanakaa garini. Davis anachezwa na Lorne Cardinal, mtu wa kabila la Cree, wenyeji wa ile nchi kabla ya Wazungu. Nilipenda kwamba mchezo haumfanyi kuwa somo. Ni sajini, ana cheo, ana mambo yake ya ajabu kama kila mtu, na mji unamjua. Shefu, siku aliyokaa nasi, alishangazwa na jambo jingine: mawaziri wakuu wawili wa Kanada, Paul Martin na Stephen Harper, walikubali kila mmoja kupita kwenye mchezo huu akiwa ni yeye mwenyewe. "Waziri mkuu kwenye kituo cha mafuta?" aliuliza. Ndiyo, shefu.

Sasa Oscar. Nimechelewa kumfikia kwa makusudi.

Oscar Leroy ni baba yake Brent, anachezwa na Eric Peterson. Ni mzee mwenye sauti ya mlango mbovu, anamtukana kila mtu, na ana tusi moja analolipenda ambalo sikulitafsiri mbele ya mama. Sentineli alikwazika. Kwetu mzee hasemi hivyo, na akisema, watoto wanatoka nje wasisikie. Aliona aibu kwa niaba yake. "Mke wake anavumilia nini?" Mke, Emma, anachezwa na Janet Wright, aliyefariki mwaka 2016. Yeye anavumilia kwa kutofanya haraka kujibu, na akijibu, neno moja linatosha.

Lakini kituo kile kilikuwa cha Oscar. Ndiye aliyekiendesha kabla ya mtoto wake. Amestaafu, na kila siku anarudi mahali ambapo hahitajiki tena, anakosoa, anagusa vitu, anatafuta ugomvi ili asimame pale kidogo zaidi. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo. Miaka yote baada ya kustaafu aliamka saa kumi na moja kasoro, anavaa bluu yake ya kazini, anakaa uani. Alikuwa anafungua redio iliyo nzima ili aifunge tena. Alitugombeza kwa skrubu iliyokosekana, kwa mlango ulioachwa wazi, kwa namna nilivyoshika bisibisi. Sisi watoto tulichoka. Tulisema mzee amekuwa mkali. Nilipomwona Oscar akimfokea Brent kwa jambo la pampu lisilo na maana, na Brent akimjibu pole pole bila kuacha anachofanya, nilisimamisha picha ingawa hakuna mteja aliyepiga honi. Wenzangu hawakuuliza. Mama aliendelea kupepea makaa. Mdogo wangu alijua anachoniachia, ninaamini hivyo.

Nina lawama moja, na ni lawama ya kazi. Nimefika msimu wa 4, na sikumbuki kuona hata mara moja mtu wa Corner Gas akipima tangi kwa hofu. Kwetu zamu inaanza hivi: unasoma indeksi ya pampu, ile namba ya litre zilizotoka, pamoja na yule anayetoka, mnaandika wote wawili. Kisha unafungua kifuniko cha tangi, unashusha fimbo ndefu yenye alama za sentimita mpaka iguse chini, unaipandisha bila kuitikisa, na unatafuta mstari ambapo unyevu unaishia. Mazutu inaacha mstari unaoonekana. Esansi inakauka mbele ya macho yako, lazima usome upesi, na ukiwa huna uhakika unashusha tena. Asubuhi inayofuata unafanya vilevile, na litre zilizotoka lazima zilingane na franka zilizoingia. Zisipolingana ni manko, yaani upungufu, na manko inakatwa kwenye mshahara. Kwenye kituo cha kwanza nilichofanyia kazi nilikatwa litre 43 ambazo mpaka leo najua sikuziuza wala sikuziiba. Pampu ndiyo iliyokuwa mbovu, waliitengeneza mwezi uliofuata, na pesa yangu haikurudi. Brent yeye hahesabu. Mafuta yake ni kama maji ya kisima, yako tu. Najua ni mchezo wa kuchekesha na kituo ni chake mwenyewe, haajiriwi na mtu. Lakini Wanda ameajiriwa. Ningependa kumwona Wanda, hata dakika mbili, akihesabu sanduku jioni na kukuta pungufu. Kwa akili yake ile, ningependa kuona angemwambia Brent nini.

Mdogo wangu ana lawama yake, ya mtu anayeishi huko. Anasema theluji karibu haipo. Jua kila siku, mashamba ya manjano, watu na fulana. Regina ya kweli, anasema, inashuka mpaka digrii 30 chini ya sifuri na zaidi, na usiku unalichomeka gari kwenye umeme ili injini isigande. Walirekodi kiangazi. Nimemwambia hiyo ni rehema, kwa sababu pompisti wa huko kwa baridi hiyo nisingeweza kumtazama nikacheka.

Kuhusu lugha: nilichonacho mimi ni cha Kiingereza, na utani wa kuchezea maneno haupiti kwenye Kiswahili, nimejaribu. Kati ya vichekesho vitano, viwili vilikufa mdomoni mwangu. Kilichopita ni kile cha ubishi, mtu anavyoshika neno dogo la mwenzake na kukataa kuliachia. Sisi tuliokulia na michezo ya kundi la Mufwankolo kwenye redio na televisheni ya hapa tunaujua ucheshi huo. Mzee anauliza, kijana anajibu nusu, mzee anauliza tena kutoka upande mwingine, na hadithi inasonga kwa hatua ya kobe huku wote mnalia kwa kucheka. Nawashauri wanaoanza wasihukumu kabla ya kumaliza vipindi 13 vya msimu wa kwanza. Wawape watu wa Dog River muda wa kuwa majirani.

Kwa alama nawapa 8 kati ya 10. Mbili zimebaki kwa Wanda na lile sanduku.

Juzi mdogo wangu alitutumia picha. Alikwenda Rouleau, mji mdogo ulio karibu na Regina, ambako sehemu za nje zilirekodiwa. Kituo na mgahawa vilivyojengwa kwa ajili ya mchezo vilibomolewa mwaka 2016. Kwenye picha kuna nyasi, barabara, na ule uwanda nyuma yake, mbingu kubwa kabisa. Tuliipokezana simu kibandani. Sentineli aliivuta picha kwa vidole viwili, akatazama ardhi kwa muda.

"Na matangi ya chini, waliyafukua?"

Nikamweleza kwamba hayakuwepo. Zilikuwa kuta za kuchezea, pampu za kuonyesha, hapo hakujauzwa hata litre moja.

"Hata moja?"

"Hata moja, baba."

Akanirudishia simu. Mama alikuwa amekwisha kuweka maji ya bukari motoni. Lori la kwanza kutoka Kasumbalesa likapunguza taa, likakunja kuingia kwetu, nami nikachukua daftari la indeksi nikatoka.